Kabla Hujatuma Karo ya Chuo cha Urembo, Uliza Mtihani Ni wa Nani

Mwezi wa pili mwaka jana shangazi yangu alinipigia simu kutoka Nakuru saa kumi na mbili asubuhi. Shangazi hapigi simu asubuhi bila sababu, kwa hivyo nilishika kabla hata sijawasha taa.

"Wewe si unafanya kazi na watu wa pesa za simu?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi. Kuna nini?"

"Basi niambie vile nitarudishiwa elfu thelathini na nane."

Hiyo KSh 38,000 ilikuwa karo ya binamu yangu, kitinda mimba wake. Alikuwa amejiunga na chuo kimoja hapa Nairobi, ghorofa ya tatu katikati ya mji, kusomea diploma ya ususi na urembo. Shangazi anauza viazi sokoni. Alituma elfu kumi na tano kutoka kwa chama, halafu elfu kumi, halafu elfu nane, halafu elfu tano. Zote zilienda kwa nambari ya simu ya mtu aliyeitwa "mkurugenzi". Wiki hiyo ndipo wanafunzi waliowatangulia walipoambiwa wajiandae kwa mtihani, na hapo hapo wakaambiwa kwamba chuo chenyewe si kituo cha mtihani. Wangepelekwa chuo kingine kuufanyia huko, kwa ada nyingine.

Ilibidi nimwambie shangazi ukweli. Kurudisha muamala ni huduma ya mtu aliyekosea nambari na akasema mapema. Haiwezi kumrudishia mtu pesa alizotuma mwenyewe, kwa hiari, mara nne, kwa miezi mitano, kwa mtu aliyekusudia kumtumia. Hiyo si tena kesi ya simu. Ni malalamiko ya kupeleka kwa mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi na kwa polisi, na tulipeleka. Mpaka leo tunapoandika haya, hajapata hata shilingi.

Kwa hivyo makala hii naiandika kwa ajili ya mzazi, dada au kaka ambaye sasa hivi ameshika simu na anataka kutuma "ada ya kuhifadhi nafasi". Hebu ngoja kidogo, usiweke PIN bado.

Bango halikuambii kitu

Nilisomea masoko chuo kikuu, na kusema kweli najua vile mabango haya hutengenezwa kwa sababu ndiyo kazi yangu. Picha ya msichana aliyepakwa vipodozi vizuri haigharimu kitu, inatolewa tu kwenye intaneti. "Kazi uhakika asilimia mia" ni maneno ambayo hakuna mtu atakayekuja kuyapima. "Punguzo linaisha Ijumaa" huandikwa kila wiki. Hata ile siku ya wazi ambapo wazazi wanaalikwa, soda zinatolewa na wanafunzi wanasukana kwa madaha, hupangwa na watu kama mimi.

Sisemi vyuo vyote ni vya uongo. Kuna vyuo vizuri sana vya ususi na urembo nchini, vya serikali na vya watu binafsi. Ninachosema ni kwamba chuo kizuri na chuo kibaya vinaweza kuwa na bango moja. Tofauti iko mahali pengine, na mahali hapo kunaonekana bila kulipa chochote.

Anza na karatasi ya mwisho

Watu wengi huanza kwa kuuliza karo ni ngapi. Mimi sasa nauliza swali moja kwanza: siku mtoto wangu atakapomaliza, cheti chake kitakuwa na jina la nani juu?

Kama jibu ni jina la chuo pekee, hiyo ni karatasi ya kuhudhuria. Inaweza kukusaidia mtaani, lakini hoteli, spa au mwajiri wa nje akiuliza, itakuwa vigumu kuitetea. Vyeti ambavyo unaweza kuvifuatilia hapa Kenya hutoka kwa wachache.

Wa kwanza ni TVET CDACC. Hili ni baraza la serikali linalotunga mitaala ya ufundi ya umahiri, linatahini na kutoa vyeti. Kozi za ususi na urembo ziko hapa kwa viwango, na ndiyo maana utasikia mtu akisema anasomea "Level 4" au "Level 5". Mtahiniwa haambiwi amepata asilimia ngapi tu. Anaambiwa kama ana umahiri au bado hajafikia. Anajenga pia jalada la kazi alizofanya, yaani picha na kumbukumbu za vichwa alivyosuka na nyuso alizohudumia. Kwa kawaida Level 6, ambayo ndiyo diploma, inataka C- ya KCSE. Level 5 inataka D. Level 4 kushuka chini mlango uko wazi zaidi.

Sasa hapo ndipo tulipaswa kushtuka mapema. Binamu yangu alipata D+ katika KCSE. Chuo kilimpokea kwa "diploma" siku hiyo hiyo, bila hata kuangalia matokeo yake. Shangazi alifurahi akidhani ni bahati. Chuo ambacho kinaruka masharti ya kuingia hakikufanyii hisani, manake masharti hayo yatakungoja siku ya kusajiliwa mtihani.

Wa pili ni NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wale wenye makao Industrial Area. Wao hutoa mitihani ya ufundi inayojulikana kama Trade Test: unaanza Gredi ya 3, unapanda ya 2, halafu ya 1. Mtihani huu una heshima yake kwa watu wa mikono. Mtu aliyejifunza kusuka akiwa saluni kwa miaka mitano bila kwenda chuo anaweza kuufanya. Kama uko hivyo, kabla hujalipa karo ya mwaka mzima kufundishwa matuta ambayo unayasuka ukiwa umefunga macho, ulizia kwanza Trade Test. Ulizia pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao unasimamiwa na KNQA, mamlaka ya kufuzu ya kitaifa.

KNEC, wale wa KCSE, nao wametahini kozi za ufundi kwa miaka mingi chini ya mtaala wa zamani, na serikali imekuwa ikihamishia kozi kwenye mtaala wa umahiri. Ukiambiwa mtihani ni wa KNEC, uliza ni mtaala upi na kama utakuwepo hadi umalize.

Halafu kuna vyeti vya kimataifa kama CIDESCO, ITEC na City & Guilds. CIDESCO ilianzishwa mwaka 1946 na makao yake ni Zurich, Uswisi; City & Guilds ni ya London, tangu 1878. Vyeti hivi ni ghali, na thamani yake huonekana zaidi kwa mtu anayelenga spa za hoteli kubwa, meli za watalii au kazi za Ghuba. Kama ndoto yako ni kufungua saluni Kitengela, sidhani ni lazima uanze na hicho. Lakini uamuzi ni wako. Ukivitaka, usichukue neno la chuo wala nembo iliyobandikwa ukutani. Nenda kwenye tovuti ya shirika lenyewe au uwaandikie uulize kama chuo hicho kimeidhinishwa.

Na kuhusu shahada: hapa Kenya elimu ya ususi na urembo ni ya vyeti na diploma kwa sehemu kubwa. Chuo cha ghorofa ya tatu hakiwezi kukupa digrii yake. Digrii hutolewa na vyuo vikuu vinavyotambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mtu akikuahidi "digrii ya urembo", mwulize ni chuo kikuu gani kitaitoa, kisha uwapigie hao wa chuo kikuu.

Usajili wa chuo si usajili wa kozi

Hili lilituponyoka, na nadhani linawaponyoka wengi. TVETA ndiyo mamlaka inayosajili na kutoa leseni kwa vyuo vya ufundi, chini ya sheria ya mwaka 2013. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa iko kwenye tovuti yao na unaweza kuitafuta kwa simu ukiwa kwenye matatu. Watu wakiona jina la chuo pale wanapumua, wanalipa.

Lakini TVETA haiangalii chuo tu. Inaangalia pia kozi na wakufunzi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa sawasawa kwa kompyuta na uhasibu, halafu kikaongeza ususi mwaka uliofuata kwa sababu wateja wanaulizia. Kwa hivyo ukifika ofisini, omba kuona karatasi tatu. Ya kwanza ni cheti cha usajili wa chuo, uangalie tarehe ya kuisha. Ya pili ni idhini ya kozi yenyewe unayotaka. Ya tatu ni uthibitisho kwamba chuo ni kituo cha mtihani kwa kozi hiyo, au kama sicho, barua inayoonyesha ni kituo gani watakupeleka na nani analipia. Usione haya. Chuo kilicho sawa huwa kimeziweka ukutani kwenye fremu, na karani atakuonyesha kwa kidole bila hata kuinuka.

Ukijibiwa "hizo zinashughulikiwa", basi na wewe karo yako inashughulikiwa. Nenda nyumbani.

Kitu kingine rahisi: omba kuongea na mtu mmoja aliyemaliza mwaka jana. Si yule aliye kwenye bango. Mtu yeyote tu, akutumie picha ya cheti chake kwa WhatsApp. Chuo kilichofundisha miaka minne kikashindwa kupata mhitimu mmoja wa kuongea nawe kinajieleza chenyewe.

Nenda Jumanne saa nne, bila kupiga simu

Baada ya yale mambo, mimi na binamu yangu tulizunguka vyuo vinne. Tuliamua kwenda siku ya kawaida ya kazi, katikati ya asubuhi, bila miadi. Huko ndiko nilikojifunza mengi, na ndiyo sehemu ambayo ningeomba usiiruke hata kama umechoka kusoma.

Tulianza kuhesabu masinki. Chumba cha mafunzo ya nywele bila sinki ya kuoshea yenye maji ya moto yanayotoka ni darasa la hadithi. Chuo kimoja kilikuwa na wanafunzi ishirini na sita na sinki moja, na hiyo moja ilikuwa na ndoo ndani. Nilimwuliza mwanafunzi mmoja ni lini mara ya mwisho aliosha kichwa cha mteja. Akacheka, akasema, "Sista, mimi huosha kile cha plastiki."

Kile cha plastiki ni sawa mwanzoni. Kila mtu huanza na kichwa cha mazoezi. Lakini kichwa cha plastiki hakilii ukivuta sana. Hakina ngozi inayowasha na hakipungui nywele za mbele baada ya miezi sita ya misuko ya kukaza. Daktari wa ngozi yeyote atakuambia kwamba nywele za pembeni mwa uso zinazokatika na kutorudi mara nyingi hutokana na kuvutwa. Msusi anayefundishwa vizuri anajifunza kukaza kiasi gani na kuacha wapi, na hilo linafundishwa tu na kichwa cha mtu. Uliza kama chuo kina saluni ya mafunzo ambapo wateja wa kweli wanaingia kwa bei nafuu, na kila mwanafunzi anahudumia wangapi kwa wiki.

Kisha tuliuliza kuhusu kemikali. Dawa nyingi za kunyoosha nywele zina alkali kali, na zile zenye hidroksidi ya sodiamu zinatumia kitu kile kile kinachotumika kuzibua mabomba ya maji. Mtu anayezipaka lazima ajue muda, ajue kukinga ngozi kwa mafuta, na ajue kuosha kwa shampuu ya kuzimua. Kwa rangi ya nywele, anapaswa kujua kujaribu tone dogo kwenye ngozi ya mteja saa 48 kabla, kwa sababu kuna watu wanaovimba uso mzima. Tulimwuliza mkufunzi mmoja jambo hilo la kujaribu rangi. Akatuambia hapana haja, "wateja hawana huo muda". Tulimshukuru tukaondoka.

Kwa upande wa ngozi, sikiliza kama wanafundisha kukataa. Krimu za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni haziruhusiwi kuuzwa hapa Kenya kama vipodozi, lakini bado ziko madukani chini ya kaunta. Mwanafunzi anayefundishwa kuzichanganya badala ya kuzitambua anafundishwa kuumiza watu, halafu siku moja ataitwa yeye ajibu.

Mwisho kabisa tuliangalia vifaa vya kucha na nyembe. Lile sanduku la taa ya buluu ambalo saluni nyingi huweka mikasi ndani halisafishi chombo kilichoingia damu. Ni la kuhifadhia tu vilivyokwisha kusafishwa. Kinachoua viini sawasawa ni mashine ya mvuke yenye shinikizo, kama zile za hospitali, inayofika nyuzi 121 kwa dakika kama kumi na tano. Chuo kimoja kati ya vile vinne kilikuwa nayo. Mkufunzi aliifungua akatuonyesha, akaanza kutueleza bila sisi kuuliza, mpaka binamu yangu akanikanyaga mguu kuniambia hapa ndipo. Hapakuwa na bango lolote nje, jina tu limeandikwa kwa rangi kwenye geti.

Waulize wenye saluni

Kabla ya kuamua tulipita pia saluni tatu, mbili Nakuru na moja Kenyatta Market, pale ambapo kichwa kimoja husukwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Mwenye saluni mmoja wa Nakuru, mama wa makamo, alituambia haulizi cheti kwanza. "Mimi namwekea mteja mbele yake, halafu naangalia mikono," alisema. "Cheti nitaangalia baadaye, nikitaka kujua kama anaweza kumfundisha mwingine."

Alisema pia jambo ambalo sikulitarajia. Vijana wengi kutoka vyuoni wanajua kusuka lakini hawajui kukadiria. Hawajui paketi ngapi za nywele zitatosha, hawajui mteja huyu atachukua saa ngapi, na hawajui kuandika kilichoingia na kilichotoka. Saluni nyingi hulipa kwa kamisheni au zinakodisha kiti, kwa hivyo mtu ambaye hawezi kujipigia hesabu anafanya kazi mwezi mzima kisha hajui pesa zimeenda wapi. Uliza kama kozi ina somo la kuendesha biashara, na kama ni somo la kweli au ni kurasa mbili za kunakili. Uliza pia kama chuo ndicho kinachokutafutia mahali pa mazoezi ya kazini au unaachwa ujitafutie.

Hesabu yote, si karo tu

Bei inayosemwa kwenye simu huwa ni karo ya muhula. Kuna usajili, kuna ada ya mtihani, kuna sare na aproni, kuna kifurushi cha vifaa: kichwa cha mazoezi, vitana, rola, pasi ya nywele, brashi za vipodozi. Kuna nywele za kusukia kila wiki, ambazo ni zako. Kuna nauli. Chuo alichochagua binamu yangu kilituandikia yote kwenye karatasi moja yenye mhuri. Karo ilikuwa KSh 14,000 kwa muhula, na tulipoongeza mengine yote muhula wa kwanza ukafika KSh 29,500. Zaidi ya mara mbili. Hatukukasirika, kwa sababu tuliijua kabla. Kile chuo cha kwanza kilikuwa kikitoa kila gharama kama ugonjwa mpya.

Vifaa si lazima uvinunue chuoni. Omba orodha, kisha uulizie bei Dubois Road au duka la jumla la mji wako. Kuna vyuo vinavyolazimisha kununua kwao, na hapo linganisha bei kabla hujakubali.

Kwa wale watakaoenda vyuo vya serikali, maombi hupitia KUCCPS, na mkopo wa HELB upo kwa wanafunzi wa ufundi pia, si wa vyuo vikuu pekee. Basari ya NG-CDF na ile ya kaunti nazo ziombwe mapema, mzazi aende ofisini na barua ya kujiunga. Pesa hizo hulipwa chuoni. Hakuna mtu wa HELB anayekuomba utume "ya faili" kwa nambari yake ya simu. Akikuomba, huyo si wa HELB.

Sasa tuzungumzie kutuma

Hapa ndipo kazi yangu ya kila siku inapoingia.

Karo ilipwe kwa nambari ya Paybill au akaunti ya benki ya chuo, si kwa nambari ya mtu. Hata kama mtu huyo ni mkurugenzi wa kweli, hata kama ni mchungaji. Ukiweka nambari ya biashara, simu itakuonyesha jina la anayepokea kabla ya kumaliza au kwenye ujumbe wa kuthibitisha. Soma jina hilo. Liwe lile lile lililo kwenye cheti cha usajili ulichoonyeshwa ukutani. Kama chuo kinaitwa hivi na pesa zinaingia kwa duka la vifaa vya ujenzi, simama uulize.

Mahali pa akaunti weka nambari ya usajili ya mwanafunzi, na uisome mara mbili. Kosa la tarakimu moja linaweza kumlipia mtoto wa mwenyewe karo, na kuitoa huko kutahitaji barua na subira. Ukigundua umekosea, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, usingoje kesho.

Ujumbe wa kuthibitisha usiufute. Upige picha ya skrini, umtumie mwanafunzi, naye apeleke ofisini apewe risiti ya chuo yenye nambari ya muamala. Ujumbe unaonyesha pesa zilitoka. Risiti inaonyesha zimepokelewa kama karo, na ya nani. Unahitaji zote mbili. Shangazi alikuwa na jumbe nne na hakuwa na risiti hata moja, na tulipoenda kulalamika hilo ndilo swali la kwanza tuliloulizwa. Hata kama jumbe zimepotea na simu, unaweza kuomba taarifa ya miamala ya miezi iliyopita, kwa hivyo usikate tamaa.

Lipa muhula kwa muhula. Najua kuna vyuo vinavyotoa punguzo ukilipa mwaka mzima. Punguzo ni zuri, lakini ukishalipa mwaka mzima huna tena kitu cha kuzungumzia ukigundua mkufunzi amehama mwezi wa pili. Kwa mwanafunzi wa kwanza katika familia, mimi ningeiacha hiyo punguzo. Na kabla hujalipa muhula wa kwanza, omba sera ya kurudisha karo iwe kwa maandishi: ukiacha baada ya wiki mbili unarudishiwa ngapi?

Ada ya mtihani iweke kando. Ulizia tarehe ya usajili, ulipe kwa wakati, kisha udai uthibitisho kwamba jina la mwanafunzi limeingia kwa baraza lenyewe. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Nimeona mtu akihangaika mwaka mzima kwa sababu ya herufi moja.

Na tafadhali, usikope mkopo wa simu wa siku thelathini kulipa karo ya miezi mitatu. Naandikia blogu ya kampuni ya pesa za simu na bado nasema hivyo. Mkopo wa siku thelathini ni wa mtu atakayepata pesa ndani ya siku thelathini. Shangazi sasa anaweka mia tatu kila siku ya soko kwenye akiba iliyofungwa, siku nne kwa wiki. Hiyo ni KSh 1,200 kwa wiki, na kwa wiki kumi na mbili inafika KSh 14,400. Muhula umelipwa, na mia nne inabaki ya nauli.

Binamu yangu sasa

Alianza upya mwezi wa tano, Level 5, kwenye kile chuo chenye geti la rangi. Alipoteza miezi minane na pesa ambazo shangazi hazitaji tena, lakini akizikumbuka huwa ananyamaza. Kwa wiki anahudumia wateja sita au saba kwenye saluni ya mafunzo. Mwezi uliopita aliniosha nywele nikiwa nimeenda kumtembelea, akanipaka tone la rangi nyuma ya sikio, kisha akaniambia nirudi baada ya siku mbili.

Nilimwambia mimi nasafiri kesho.

"Basi rangi hupati, dada," akasema, akaniwekea taulo.